Baba Yao Ni Nani?

Shemeji yangu Wafula alikwenda semina ya kufanya maamuzi Kisumu akiwa mtu wa "tutaona", akarudi akiwa mtu wa safu mbili. Kama hujawahi kuishi nyumba moja na mtu wa safu mbili, shukuru. Mimi nilikuwa nimekaribishwa kwao Kanduyi, pale Bungoma, huku nikitafuta kazi, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, nilifanywa katibu wa daftari lake la maamuzi kabla sijamaliza chai.

Mbinu yenyewe ni ya zamani na si mbaya. Unapiga mstari katikati ya karatasi, upande mmoja unaandika sababu za kufanya jambo, upande wa pili sababu za kuliacha. Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa Mmarekani wa zamani, alimweleza rafiki yake Joseph Priestley hivyo hivyo katika barua ya mwaka 1772, na barua ile ina mambo mawili ambayo watu wa semina huyaruka. La kwanza, karatasi inaachwa wazi siku tatu au nne, kwa kuwa sababu zote haziji kichwani kwa pamoja. Leo inakuja hii, kesho inakuja nyingine na kuifukuza ya jana. La pili, hakuna kujumlisha. Unatafuta sababu za pande mbili zenye uzito sawa, unazifuta zote. Moja ya huku ikilingana na mbili za kule, unafuta zote tatu. Unaendelea hivyo mpaka ubaki na machache unayoweza kuyatazama vizuri.

Shemeji alishika mstari wa katikati tu. Siku tatu akazifanya dakika tatu, na mahali pa kufuta akaweka alama, moja hadi tano, jumla kubwa ndiyo mshindi. Ubaya wa alama ni kwamba zinamtii anayezitoa. Mtu akishakipenda kitu, atagawa tano tano kama karanga za harusi.

Mwanzoni daftari liliamua mambo madogo. Lilipima kama tununue unga wa paketi au mahindi ya gorogoro, yale ya kupimwa kwa mkebe, tukayasage wenyewe. Gorogoro ikashinda, na kweli tuliokoa pesa. Kisha mjomba wake akaingia bila taarifa. Mgeni wa namna hiyo katika nyumba ya Kibukusu ni wa kuchinjiwa kuku, hapo hapana mjadala, ila shemeji alitaka kuku mwenyewe achaguliwe kwa haki. Nikaandika: mwenye madoa, anataga, asichinjwe, tano. Mweusi, anadonoa sukuma za jirani, achinjwe, nne. Mwenye kishungi, binti yao Nanjala anampenda, asichinjwe, tatu, au nne Nanjala akilia. Nanjala akalia. Saa kumi alasiri mjomba alikuwa amekula ugali na sukuma wiki, akaaga kwa upole uliotutia wasiwasi, na hajarudi.

Usiku kulikuwa na zoezi lingine. Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, aliandika kwamba kila usiku, taa ikishaondolewa na mkewe akishanyamaza kwa kuwa anaijua desturi yake, huikagua siku yake nzima bila kujificha lolote. Mbinu hiyo inadai vitu viwili, giza na mke aliyenyamaza. Kwa shemeji giza lilipatikana, hasa stima ikipotea. Hicho cha pili hakikupatikana. Shemeji akianza, "Leo nimefanya uamuzi gani mzuri?" sauti ya dada yangu ilipenya ukuta hadi kitandani kwangu: "Umesahau ile mia mbili ya gesi uliyokula maandazi." Kwa maoni yangu huo ulikuwa ukaguzi bora kuliko wa Seneca. Mtu akijikagua peke yake husahau maandazi.

Ndipo ikaja mashine.

Mashine ya kuangulia vifaranga, ya mayai 96, safu mbili za 48, inajigeuzia mayai yenyewe, inatumia stima na pia betri ya volti 12. Shilingi 18,500. Ukurasa wake ulikuwa mrefu kuliko kurasa zote, na siwezi kumnyima shemeji haki yake, mashine aliipima vizuri. Alitazama dhamana, akatafuta fundi wa jua kali aliyewahi kufungua mashine kama ile, akachagua chumba kisichopigwa na jua wala upepo, akatenga betri ya gari kwa ajili ya usiku wa giza.

Ukurasa wa mayai ulikuwa nusu. Kulikuwa na mama mmoja upande wa Chwele, mfugaji wa kuku wa kienyeji, anayeuza mayai ya kuatamisha shilingi 30 kila moja. Kulikuwa pia na duka karibu na stendi lenye kibao cha chaki, MAYAI YA KIENYEJI, trei 420. Mayai 96 kwa yule mama ni shilingi 2,880. Dukani ni trei tatu, pamoja na mayai sita ya rejareja kwa 15, jumla 1,350. Shemeji akasoma, mimi nikaandika. Bei, tano. Yote makubwa, tano. Rangi moja ya kahawia, hakuna lililozidi mwenzake, tano. Karibu na nyumbani, nne. Upande wa kuacha palikuwa na mstari mmoja, "yanaweza kuvunjika kwa boda", alama moja.

Mtu anayewajua kuku akiusoma ukurasa huo anaziona hizo tano tatu zimekaa upande usio wao. Kuku wa kienyeji wanaozurura uani hutaga mayai ya kila sura: jeupe, la krimu, la kahawia hafifu, moja dogo, jingine refu. Mayai 96 yasiyoweza kutofautishwa yametoka kwenye banda la kuku wa biashara ya mayai. Banda hilo halina jogoo. Jogoo anakula chakula na hatagi, na kuku jike hamhitaji ili atage. Anamhitaji ili ndani ya yai kuwe na mtoto. Bei ya chini nayo ilikuwa ushahidi, kwa kuwa mwenye kuuza yai la kuatamisha anamlisha pia jogoo, na chakula cha jogoo kinaingia kwenye ile 30. Kwa hiyo hesabu ya daftari ilikuwa sahihi kabisa, ila ilijumlisha ushahidi wa mashtaka kama utetezi.

Semina ilimpa hata dawa ya ugonjwa huo. Mwanasaikolojia Mmarekani, Gary Klein, aliieleza mwaka 2007: kabla mradi haujaanza, waite wahusika uwaambie kwamba muda umepita na mradi umekwisha kufa, kisha kila mmoja aandike umeuawa na nini. Ukiwauliza watu "mnaona shida yoyote?" watanyamaza kwa heshima, hasa mwenye mradi akiwa ndiye anayelipa kodi ya nyumba. Ukiwauliza umekufa kwa nini, hata mwoga anapata pa kuanzia. Kila mtu aandike peke yake kwanza ili wa pili asimfuate wa kwanza, na mwenye mradi afunge mdomo. Asijibu, asitetee, asitanie.

Shemeji akatukusanya sebuleni, mayai yakiwa mezani kwenye trei zake. Tulikuwa dada, mimi, Nanjala wa gredi ya tano, na Kukhu, mama yake shemeji, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya kliniki ya macho.

"Fikirieni," shemeji akasema akiwa amesimama, "mradi umekufa."

"Nani amekufa?" Kukhu akauliza.

"Mradi, Mama."

"Haujazaliwa, umekufaje? Wafula, usinitafutie matanga. Mimi nimetoka hospitali leo."

Dada akasema umeuawa na stima. Nanjala akasema paka. Mimi nikasema kipimajoto kinachodanganya, nikajiona nimesema jambo la kisomi. Kukhu alikuwa ameinua yai moja, akaliviringisha kiganjani, akayatazama mengine kwenye trei, akalitazama tena lile la mkononi kwa jicho lisilo na plasta.

"Hawa vifaranga," akasema, "baba yao ni nani?"

Tulicheka wote. Shemeji alicheka kuliko wote, akajipiga kifua. "Baba yao ni mimi, Mama! Katibu, andika." Nikaandika: *Baba: Wafula.* Kukhu akarudisha yai mahali pake, akaulizia chai.

Pale swali lilipaswa kuandikwa jinsi lilivyoulizwa, bila jibu, na mtu apande boda hadi dukani akaulize mayai yanatoka wapi na huko kuna majogoo wangapi. Wafugaji huweka jogoo mmoja kwa majike kumi hivi. Majike wakizidi sana, mayai mengine yanabaki bila mbegu. Na kama muuzaji anazunguka maneno, kuna jaribio la shilingi 15: vunja yai moja kwenye kisahani, ugeuze kiini taratibu. Juu yake kuna kidoa cheupe. Kikiwa kidogo, kizito, chenye kingo zilizochongoka ovyo, yai halina mbegu. Kikiwa kipana kidogo, cha mviringo, chenye pete iliyo wazi kuzunguka katikati yake, jogoo amepita. Yai lenyewe unalikaanga, hupotezi kitu.

Badala yake shemeji aliyaosha. Maji vuguvugu, sabuni ya vyombo, kitambaa laini. Akayaanika juu ya leso ya dada yakawa yanang'aa. Usafi, tano. Hapa niseme kidogo, maana ndiko balaa lilikoanzia. Ganda la yai lina maelfu ya vinyweleo, vitundu vidogo mno, na yai linapotagwa hufunikwa na utando mwembamba unaoviziba. Ukiliosha na kulisugua unauondoa utando, na ganda likiwa bado na majimaji vijidudu vinapata njia ya kuingia. Kisha unalipeleka mahali penye joto na unyevu, palipotengenezwa makusudi ili kitu chochote chenye uhai kistawi. Yai la kuatamisha lenye doa la uchafu hukwanguliwa likiwa kavu, kwa msasa laini. Lililochafuka sana haliingizwi.

Ulezi wenyewe, nikiri, ulikuwa wa mfano. Mashine iliwaka tupu siku nzima kwanza ili joto litulie. Nyuzi 37.5, na kipimajoto cha pili ndani cha kuhakiki kile cha mashine. Unyevu kati ya 50 na 55 kwa mia. Kila yai liliwekewa alama ya penseli upande mmoja ili tuone kama mashine kweli inayageuza. Stima ilipopotea usiku na betri ikakataa, shemeji hakufungua kifuniko kuchungulia kama wanavyofanya wengi. Aliifunika mashine kwa blanketi, akaacha matundu ya hewa wazi, akasubiri. Alikuwa sahihi. Baridi ya saa chache huchelewesha vifaranga, lakini joto likipita nyuzi 40 huwaua upesi. Blanketi lilikuwa la Kukhu. Kukhu alilala na sweta mbili na maneno mengi.

Siku ya 7 ni siku ya tochi. Unazima taa, unatoboa kipande cha katoni tundu dogo kuliko yai, unaweka tochi ya simu chini yake na yai juu, upande mpana ukitazama mwanga. Yai lenye uhai linaonyesha kidoa cheusi na mishipa myembamba myekundu iliyotanda kila upande. Lililokufa mapema lina pete ya damu. Lisilo na mbegu ni jeupe tupu, kivuli cha kiini tu kinaelea.

La kwanza, tupu. La pili, tupu. Nanjala alikuwa akihesabu kwa sauti, na alipofika kumi akaanza kuhesabu kwa kunong'ona. Shemeji akasafisha tochi kwa shati. Akaazima simu ya dada. Akasema ganda la kahawia ni zito, na ni kweli, la kahawia linasumbua macho kuliko jeupe, ila halisumbui mara 40 mfululizo. Kukhu akaja mlangoni na miwani yake mipya.

"Vipi?"

"Bado hayaonekani vizuri, Mama."

"Hayana kitu, Wafula." Akainama, akatazama yai lililokuwa juu ya tochi. "Na ulisema baba ni wewe."

Usiku huo ndio uliotaka uamuzi wa kweli, na ulikuwa mwepesi. Shilingi 1,350 zilikuwa zimekwenda, ziwe zimekwenda kwa mashine kuwaka au kuzimwa. Mashine ilikuwa nzima na mama wa Chwele alikuwa na mayai. Swali lilikuwa moja tu, kuanzia leo, wiki mbili za tokeni za stima zinanunua nini? Lakini pesa iliyokwisha kutumika ina sauti. "Hatuwezi kuacha sasa," shemeji akasema, "tumeshaingia." Akafungua daftari kutuonyesha: *Tathmini: siku ya 21.* Daftari haliruki tarehe.

Ndiyo maana tarehe ya tathmini peke yake haitoshi. Panatakiwa sharti la kusimama, na linaandikwa siku ya kwanza, moyo ukiwa bado haujazama: "Siku ya 7, yenye mishipa yakiwa chini ya nusu, tunazima." Mstari mmoja. Ukingoja kuliandika siku ya 7 yenyewe utaandika chochote kinachokuruhusu kuendelea.

Halafu kulikuwa na amana. Wanachama wanne wa chama cha akina mama cha dada walikuwa wameagiza vifaranga 20 kila mmoja, wa siku moja, shilingi 100 kwa kifaranga, na kila mmoja ametanguliza 500. Vifaranga 80 kutoka mayai 96! Hesabu hiyo shemeji alipewa na muuza mashine, ambaye kazi yake ni kuuza mashine. Wa kuulizwa walikuwa majirani wawili watatu wenye mashine kama ile, tena waulizwe juu ya mzunguko wao wa kwanza, wala si ule wanaoupenda kusimulia. Sasa kuzima mashine kulimaanisha kurudisha 2,000, na 2,000 ilikuwa imenunua tokeni.

Siku ya 18 mambo yalifanywa kwa kitabu: kugeuza kukasimamishwa, unyevu ukapandishwa hadi 70. Chumba kilianza kuwa na harufu ya kiberiti kilichochomwa jana. Baadhi ya maganda yalitoka vijitone vya rangi ya chai. Nikamwonyesha shemeji.

"Ni jasho," akasema. "Unyevu umepanda."

Yai halitoi jasho la rangi ya chai. Hilo ni yai viza; bakteria waliomo wanatengeneza gesi, gesi inasukuma maji kupitia vinyweleo, na vinyweleo visipotosha, ganda linatafuta njia nyingine. Yai la namna hiyo halitikiswi wala halinuswi kwa karibu. Linainuliwa pole pole kwa mkono uliovishwa mfuko wa plastiki, mfuko unageuzwa juu yake na kufungwa, linazikwa. Nilimweleza dada. Dada akasema nisubiri wageni waondoke, maana chama kilikuwa kinakuja Jumamosi kushuhudia, na Jumamosi ndiyo siku ya 21.

Wakaja kumi na mmoja, na leso zao nzuri. Shemeji alivaa shati jeupe. Alitoa maelezo mafupi kuhusu kufanya maamuzi kwa utaratibu, akinyanyua daftari, kisha akawaongoza kwenye kile chumba kidogo, wote wakajipanga kuizunguka mashine, wanne wenye amana mbele. Mimi nilisukumwa hadi kando ya kifuniko. Mama mwenyekiti akaomba tuanze na neno la sala, na mwenyekiti yule ni mwombaji, haombi kwa kifupi.

"Bwana, wewe unayefungua na hakuna wa kufunga," akasema, "tunakuomba ufungue."

"Amina," wakaitikia.

"Fungua, Baba! Fungua leo!"

*Pa!*

Ndani ya mashine kitu kilipasuka. Wanawake wakafumbua macho, na kabla hewa haijatufikia, mmoja akapiga kigelegele. "Ametoka! Mmoja ametoka!" Shemeji, namheshimu kwa hili, aliamini pia. Uso wake uliwaka. Akanyanyua kifuniko.

Yai la pili lilikuwa linangoja hewa baridi na mtikiso. Lilipasuka likiwa kama shubiri moja kutoka kwenye shati lake, likalipasua la jirani yake. Nilichoona kwa karibu ni kipande cha ganda chenye alama yangu ya penseli kikiwa kimebandika kwenye miwani ya mweka hazina, na kitu cha kijani kikiteremka taratibu kwenye jalada la daftari. Harufu ilifika baada ya sauti. Sitaieleza, aliyewahi kuisikia ameshaitambua, na ambaye bado, asiombe. Watu kumi na watatu tulitoka kwa mlango mmoja kwa wakati mmoja. Mama mwenyekiti alikuwa wa kwanza, na sala haikufungwa rasmi mpaka leo.

Kukhu alikuwa amekaa chini ya mwembe, akichambua kunde. Hakuuliza lolote. Alisogeza kiti chake upande upepo unakotoka.

Usafi uliniangukia mimi na shemeji, pua zimefungwa kwa taulo. Mashine ilichomolewa kwanza kwenye plagi. Mayai yaliyobaki yalitolewa moja moja kwa ule mtindo wa mfuko, yakazikwa kwenye shimo la kina cha goti, mbali na kisima. Kisha maji na sabuni, kila pembe, kila kigurudumu cha kugeuzia, mpaka uchafu wote utoke. Ndipo maji ya klorini. Ukianza na klorini juu ya uchafu, uchafu unaimaliza nguvu na vijidudu vinabaki. Feni na waya vilipanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa, havikumwagiwa maji. Mashine ikaachwa juani, kifuniko wazi, siku kadhaa. Shati jeupe halikupona.

Jioni, jambo la kuchekesha kuliko mlipuko. Dada akasema, "Mimi nilisema tangu mwanzo hayo mayai hayana jogoo." Nanjala akasema hata yeye. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefungua mdomo. Shemeji akafuta jalada, akafungua ukurasa wa kile kikao, akasoma bila hasira: stima, paka, kipimajoto. Tukanyamaza. Kama kuna kazi moja inayofanya daftari la maamuzi listahili bei yake ya shilingi 60, ni hiyo. Matokeo yakishajulikana kila kichwa hujiandikia upya kwamba kilijua, na karatasi yenye tarehe haikubali kurekebishwa. Lakini ni lazima iwe imeandika mambo matatu kabla: unatarajia nini, una hakika kiasi gani, na kwa sababu zipi. Pale kwenye hakika, shemeji alikuwa ameandika mia kwa mia. Alitazama zile sifuri mbili kwa muda.

Amana zilirudishwa kwa mafungu mawili. Kuku mweusi, yule wa sukuma za jirani, alipelekwa kwa mama mwenyekiti akiwa hai, miguu imefungwa, na safari hii hakupimwa kwa safu zozote.

Ukurasa mpya ulikaa wazi siku nne kamili kwenye meza ya sebuleni, kalamu imefungwa kwa uzi, kila apitaye aandike. Kukhu, ambaye haandiki, aliniita mara mbili nimwandikie. Shemeji hakujibu neno. Mwishowe tulikwenda Chwele, yeye na mimi, na hakuanza na bei. Aliomba kuonyeshwa jogoo. Yule mama akamwonyesha, mwekundu, amesimama juu ya mkokoteni. Shemeji akauliza ana majike wangapi. Tisa. Ana umri gani? Mwaka na kidogo. Amekaa nao muda gani? Miezi. Ana ugonjwa wowote? Hana. Baba yake alikuwa mkubwa? Shemeji alikuwa anaandika yote mwenyewe, bila katibu.

Yule mama akaweka kikapu chini, akamtazama kuanzia viatu.

"Baba," akasema, "umekuja kununua mayai ama umekuja kuposa?"

Tulinunua 48. Moja lilivunjwa pale pale kwenye kisahani chake, na likalipiwa.